Vijiti Vilivyoulizwa Tena

Kaifeng, baada ya Sikukuu ya Mwezi

Baba yangu mheshimiwa,

Naomba barua hii ikukute mzima huko Nanjing, na kile kikohozi kimekuacha. Sisi hatujambo. Bibi anakula vizuri, ila anagombana na kila mtu, na sababu yake utaiona hapa chini.

Baba, nimekasirika. Mwalimu wetu husema mwenye hasira aandike polepole, kwa hiyo naandika polepole.

Uliposafiri uliacha neno kwamba sitafanya mtihani wa shule ya ualimu, bali nitaolewa na kijana wa Mzee Qiao mwenye duka la dawa. Ulisema si wewe uliyeamua, ni vijiti vya ramli. Bibi akaniambia nifute machozi, vijiti havina upendeleo, tena kijana mwenyewe ana meno mazuri. Shangazi akacheka, akasema angalau nikiugua kwa kununa nitapata dawa za bure.

Nilinyamaza. Lakini asubuhi uliyopiga ramli nilikuwa nyuma ya pazia na chai yako mkononi. Kusoma alama za vijiti nimejifunza katika vitabu ulivyoviandika wewe. Jibu la kwanza lilikuwa la safari njema, yaani niende shuleni. Ukavikusanya, ukavigawa upya. Likaja la safari tena. Ukashusha pumzi, ukarudia, ndipo likaja la bibi harusi, nawe ukatabasamu.

Mambo haya umeyasomea tangu kabla sijazaliwa. Wanafunzi wako huvunjika mbavu ukiwasimulia mfalme wa kale aliyeamuru magamba ya kobe ya kupigia ramli yachomwe, moja baada ya jingine, mpaka upatikane ufa uliompendeza. Sasa najua kwa nini unamsimulia vizuri hivyo.

Juzi Mzee Qiao alikuja na keki za sikukuu, akaniita mkwe. Akasema lile sanduku lake la mifupa ya kale ya ramli yenye maandishi, ulilolililia miaka yote, utalipata siku ya harusi. Kumbe bei yangu ni mifupa! Hapo nilishindwa kunyamaza. Nikamweleza Bibi yote niliyoyaona, mbele ya mgeni.

Nilidhani atanipiga. Aliweka kikombe chini, akauliza kama nina hakika uliuliza tena baada ya kujibiwa. Nikasema ndiyo. Baba, aliyoyasema siwezi kuyaandika yote. Alisema hata mtoto anajua jambo moja huulizwa mara moja, na anayerudia anavitukana vijiti usoni. Profesa mzima, ndevu zote hizo, adabu huna! Jibu la kwanza ndilo jibu, akasema. Mzee Qiao akarudishiwa keki zake, isipokuwa ile Bibi aliyokwisha kuimega. Vijiti amevifungia kabatini mpaka uje uviombe radhi.

Basi kesho nafanya mtihani. Ungedhani nimefurahi. Lakini mimi siviamini vijiti, Baba. Nilitaka unikatalie kwa kinywa chako, nipate mtu wa kubishana naye. Badala yake nimeokolewa na vijiti, na hilo nalo linaniudhi.

Majina ya waliofaulu yatabandikwa kwenye lango la shule utakapokuwa umerudi. Twende tukayasome pamoja. Na kabla hatujafika langoni, uniambie wewe mwenyewe kama unataka niende.

Shangazi anakusalimu sana. Bibi amekataa kutuma salamu, ila koti lako la baridi amelishona.

Ni mimi binti yako,
Meng Peilan