Kidole Kimoja cha Petroli

Moroni, Ijumaa, baada ya sala

Kaka yangu Salim,

Kaa vizuri kitini kabla hujasoma, maana mdogo wako bahati imemganda. Gari yangu inakwenda kilometa kumi na saba kwa lita moja. Kumi na saba! Gari kuukuu, ndogo, ya Kifaransa, gia yake unaivuta kwenye dashibodi kama mtu anayevuta droo, na mlango mmoja nimeufunga kwa kamba. Nimefika Tanga, nimefika Mombasa, nimefika Majunga, nimekunywa kahawa na madereva wa kila rangi, sijaona wa kunishinda. Hiyo yako hapo Unguja, na usinidanganye, haifiki hata kumi na mbili.

Haya, sasa shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje? Mama anakula vizuri, au bado anawapa paka nusu ya sahani? Sisi huku tunapumua. Barua hii anakuletea mtu mkononi, haipiti posta, ndiyo maana utaona nimeandika mambo waziwazi. Ukishaisoma, itie jikoni iungue.

Uliniuliza ninafanyaje mpaka petroli ikanitosha. Ngoja nikufundishe, ingawa fundi ni wewe na mimi shule niliikimbia darasa la tano. Tafuta chupa ya lita moja iliyonyooka. Bandika karatasi ubavuni, uichore mistari, kila mstari upana wa kidole. Ifunge wima ndani ya gari, upande wa abiria, chomoa mpira wa tangi, chomeka wa chupa uende kwenye pampu. Hapo gari haiwezi kunywa ila mbele ya macho yako. Sigara usiiguse, tafadhali, nakupenda. Mimi kila asubuhi napanda gari tupu kutoka Moroni hadi Mvouni, kijiji cha juu mlimani, kuchukua watu wanaoteremka sokoni. Nikifika natazama mstari. Siku moja nilisafisha plagi, nikapima. Siku ya pili nikapuliza chujio la hewa, nikapima. Nikatia upepo matairi, nikang'oa keria ya juu, nikakaza skrubu ya kabureta robo mzunguko. Kitu kimoja kwa siku, ndipo ujue kipi kimesaidia. Na kuteremka ni bure: unazima injini pale pale Mvouni, unaiachia mpaka mjini.

Nikawa mjuzi hata wa watu. Mtu wa kawaida akipanda mlima nami, chupa inashuka kidole kimoja zaidi. Kuna somo yake mke wangu, siku ya harusi alivaa dhahabu ya ukoo mzima, akala vidole viwili na nusu. Nikamwambia, "Bibie, wewe si abiria, wewe ni gari ya pili." Alinipiga na mkoba, nikasikia raha.

Mwandiko wangu unaujua, kama kuku kakanyaga wino. Kwa hiyo daftari la petroli aliliandika shemeji yangu Yusufu, ndugu yake mke wangu Echati, karani wa duka la mbao. Huku mume ndiye anayehamia kwa mke, basi nyumba moja tunakaa mimi, Echati, Yusufu na mama yao. Yusufu alilipenda daftari lile kuliko mimi. Tarehe, saa, mahali, vidole, yote kwa Kifaransa cha karani na mistari iliyonyooka. Siku nyingine alipanda nami, siku nyingine hakupanda, tukapima tofauti. Yeye mwenyewe alikuwa kidole kimoja kasoro unywele.

Sasa sikiliza, na mama usimsomee.

Asubuhi moja tulikuwa tunateremka, mimi na yeye, hatujapata abiria. Ukungu ulikuwa umelala njiani na injini imezimwa, husikii ila matairi na pumzi zetu. Tukakata kona, tukakuta kizuizi ambacho jana hakikuwepo. Askari wawili wa hapa hapa, na mzungu mmoja kati ya wale mamluki waliotujia kwa bahari, amekaa juu ya pipa anamenya chungwa. Alipotuona tulishafika miguuni pake. Chungwa likamdondoka.

"Mbona gari haina sauti?" akauliza kwa Kifaransa.

"Tunaokoa petroli, mkuu," nikasema, nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Akalichukua daftari magotini pa Yusufu. Akafunua ukurasa, akafunua mwingine.

"Huyu wa vidole viwili na nusu ni nani?"

"Mama mmoja mnene, mkuu."

"Na huyu wa kidole kimoja? Jumatatu, saa kumi na mbili na robo, Mvouni?"

Askari mmoja alitazama chini, nadhani alibana kicheko au kilio, sijui.

"Mwandiko wa nani huu?"

Kaka, ulimi wangu unaujua. Siku hiyo ulilala mdomoni kama kipande cha ngozi. Daftari langu, chupa yangu, wazimu wangu, na sikusema neno. Yusufu akasema, "Wangu." Akashuka. Akafunga mlango taratibu, maana kila siku nilikuwa nikimgombeza kwa kuubamiza. Mimi nikaambiwa niende zangu, na niwashe injini.

Tulikwenda kambini kwa askari wale kuuliza, tukaambiwa hakuna mtu wa jina hilo. Tukaenda tena, jibu likawa lile lile, na aliyetujibu hakuinua macho.

Siku ya tatu nikarudi kazini. Nikapanda mlima peke yangu, gari tupu. Nilipofika Mvouni nikatazama chupa. Ilikuwa imeshuka kidole kimoja zaidi. Nikasema breki zinakamata. Nikaipiga jeki, nikazungusha magurudumu yote manne kwa kidole, yanazunguka kama pia. Upepo upo. Plagi nyeupe safi. Nikabadilisha chupa, nikabadilisha mpira. Kesho yake, kidole kile kile. Nikachukua rula ya Yusufu ya dukani nikapima sawasawa: kidole kimoja kasoro unywele.

Na abiria, Kaka. Nyuma wanakaa watatu, unajua watu wa hapa kubanana si shida. Lakini walianza kubanana wanne upande mmoja, na nafasi ya nyuma yangu, alipopenda kukaa Yusufu tukiwa na watu, wakaiacha wazi. Nikasema wamesikia habari, wanamheshimu.

Nyumbani nilimwambia Echati kwa sauti ndogo, mama mkwe akasikia.

"Kidole kizima, mwanangu?"

"Kasoro unywele, Mama."

"Na Yusufu alikuwa ngapi?"

Nikamwambia. Akaendelea kuchambua mchele. Halafu akasema, "Basi yu hai. Mtu aliyekwisha kufa hali petroli ya watu."

Tangu siku hiyo kila nikirudi nilimkuta mlangoni, shiromani, lile shuka la wanawake wa huku, kichwani. Hajui kusoma, lakini mistari ya chupa anaijua kuliko mimi. Akikuta imeshuka, anasema alhamdulillahi, anakwenda kupika na sahani ya Yusufu anaipakua. Mimi, bingwa wa kubana petroli, nikawa naomba Mungu gari inywe.

Kisha mtu akatuambia kuna wafungwa waliohamishiwa kisiwa cha Ndzuani. Nikaipakia gari kwenye meli ya mizigo ya mjomba wa Echati, nikaenda Mutsamudu, mji wao mkuu. Nikisema maneno ya Moroni kule wananicheka mpaka wanashika mbavu, basi nikajifanya mtu wa Unguja kabisa, wakaniheshimu. Niliuliza bandarini. Niliuliza hospitali kule Hombo, wakanitazamia jina kwa upole, hakuna. Na ili nile, nikabeba abiria kati ya Mutsamudu na Mirontsy.

Watu wale hawanijui. Yusufu hawamjui. Siku ya kwanza waliingia wanne, wakabanana upande mmoja, nafasi ya nyuma yangu wakaiacha. Bwana mmoja alikuwa nusu makalio nje ya kiti. Nikamwambia, "Sogea, nafasi ipo." Akatazama ile nafasi, akanitazama mimi, akasema, "Hapana, si neno, tumeenea." Nywele zilinisimama na jua linawaka.

Siku sita chupa ilishuka mstari ule ule kwa njia ile ile. Siku ya saba, natoka Mirontsy, gari tupu, sijasimama wala sijapunguza mwendo, nikasikia matako ya gari yanainuka. Unajua springi za nyuma zinavyopumua abiria akishuka? Hivyo hivyo. Nikatazama kioo, kiti kitupu, kama kilivyokuwa. Mlango umefungwa. Nilipofika Mutsamudu chupa ilikuwa juu, kidole kizima kimebaki. Akaja mama mmoja na beseni la samaki, akaingia nyuma, akasogea mpaka nyuma yangu, akaegemea, akapumua, "Leo nafasi tele." Niliteremka nikaenda kusimama ukutani, nikawaacha abiria wapige honi wenyewe.

Nikarudi Moroni. Asubuhi ya kwanza nilipanda Mvouni, kilometa kumi na saba kwa lita, hesabu nzuri kuliko zote. Asubuhi ya pili, vile vile. Siku zote mbili sikupita nyumbani mchana, nikamwambia mama mkwe chupa imevunjika, natafuta nyingine. Akaniambia, "Itafute upesi, mwanangu, nisikae hivi."

Ningeweza kumwaga kidole kimoja njiani, nani angejua? Lakini nikaona huo ungekuwa uongo mtupu. Heri gari ibebe kitu kweli. Siku ya tatu nikasimama kando ya njia ya Mvouni, nikaokota mawe yale meusi ya mlima wa moto, nikayatia guniani, nikayaweka kiti cha nyuma. Nikapima, nikaongeza jiwe, nikapunguza jingine, mpaka chupa ikasema kidole kimoja kasoro unywele. Nikarudi nyumbani nimeyashusha mawe nje ya mji. Alikuwa mlangoni. Akaangalia mstari, akasema alhamdulillahi, sahani ikapakuliwa.

Leo ni wiki ya tano. Kila alfajiri nayapakia, na kila asubuhi natazama chupa nikitumaini itashuka vidole viwili, cha mawe na cha Yusufu. Inashuka kimoja tu. Echati amejua, aliona vumbi jeusi kitini. Alilipangusa kwa kanga yake. Nitamwambiaje mama yake, Kaka? Wewe ni mkubwa, niambie, na usinipe maneno ya msikitini.

Mbusu mama mkono wa kulia. Msalimie shangazi mpika mikate, mwambie ya huku haifikii yake. Msalimie mkeo, na babu muuza kahawa wa kibarazani, na fundi mwenzako yule mwenye kigugumizi.

Na ile kumi na saba niliyojisifia ni uongo. Ilikwenda siku mbili tu, na sikuitengeneza mimi. Gari yangu inakwenda kumi na sita, imebeba mawe, na bahati sina.

Mdogo wako,
Nassor