Mpira wa Pampu ya Maziwa

Baba Watoto, mpenzi wangu,

Sisi wazima. Mdogo ameota meno mawili, ananing'ata, silali. Lakini leo naandika kichwa kikiwa juu.

Uliniagiza nimpe kaka yako gari, eti limechoka, siliwezi. Gari hilohilo linalotufikisha shuleni na kazini! Kweli, upepo wa kiyoyozi ulikuwa unapanda wote kwenye kioo cha mbele, watoto wanachemka nyuma kama viazi. Fundi alitaka kufumua dashibodi nzima.

Nikafungua boneti mwenyewe, injini ikiwaka. Nikasikia ssss. Mlio ule naujua! Pampu yangu ya kukamulia maziwa ililia hivyo mpira wake ulipopasuka, ikakataa kunyonya. Nikapapasa, nikakuta mpira mwembamba umepasuka. Kumbe injini hunyonya hewa kupitia hapo, na mvuto huo ndio hufungua matundu ya dashibodi. Nikakata kipande kizima cha ule mpira wa pampu, nikaunganisha. Mlio ukakoma, upepo wa baridi ukanipiga usoni.

Nikampelekea fundi aone, akashangaa. "Mama, nani kakufundisha?"

"Huyu hapa mgongoni, mwenye meno mawili."

Jana kaka yako akaja. "Shemeji, nipe funguo."

"Panda kwanza, shemeji."

Nikamrudisha stendi kwa gari lilelile, matundu yote nimemwelekezea yeye. Alishuka amefunga vifungo vyote vya koti.

Nimekukumbuka mno. Ukirudi nitakuja kukupokea, ila usukani ni wangu.

Wako,
Mama Watoto