Keti, Treni Haiyapita

Gaspari ndugu yangu,

Niko na miaka septante-neuf, moja tu nitimize makumi nane. Nimeshinda mashini za treni za kuni, nimeshinda mashini za mazuti, nimeshinda Wabeleji waliokuwa wananipigia kelele kule reli ya Albertville, na sasa ninapanda tram yao hapa kwao, ninakaa mbele. Nimezika wanawake wawili. Meno zimebaki nne. Lakini wewe ulikuwa mudogo wangu kwa miaka sita. Mu reli zamu ni zamu, mimi ndiye ningetangulia. Umevunja sheria, Gaspari, wewe ambaye hukuvunjaka sheria.

Bon, nikupe habari. Ni miezi tatu tangu tukuzike. Kule kwetu vita imerudi, wanasema reli imeota majani mpaka magoti. Hapa Berchem lift ya bilding yenu imekufa tena, ninapanda ngazi za étage nne kwa miguu na sipumziki, vijana wananishangaa. Maman Josefine, mke wako, amenipa kartoni yako ya kaseti za video za treni. Alisema yeye alichoka na treni tangu siku aliolewa nayo. Basi kila Dimanche kiisha misa ninaziangalia kwangu. Kile kiti ulikuwa unakalia, sikalii. Nimewekamo kofia yangu.

Unakumbuka kaseti ya kwanza? Mutoto wako Dieudonné aliituma toka Kanada, alipiga picha za treni yeye mwenyewe kule milimani. Tulipoitia mu mashini ya video, picha inatelemuka tu kama mvua ku dirisha. Nilisema kamera ya mutoto wako ni ya ovyo. Uliibeba mpaka boutique moja ya kaseti ku barabara Chaussée d'Ixelles, kijana akacheka, akasema kaseti za Amerika hazisikilizani na mashini za huku, lazima azigeuze. Tukarudi nayo mu tram, umeishika kwa mikono mbili kama padiri na Ekaristia.

Na treni ikatoka. Aa, Gaspari. Mashini tatu nyekundu, zimefungana, moshi juu, theluji nyuma yao, na wagon za ngano mpaka huoni mwisho. Nilisimama. Nilisema ile ningeiendesha na mukono moja, mwingine umeshika kikombe. Ukasema ndiyo, masinisti. Kila mara ulisema ndiyo, masinisti.

Lakini mashini zikipita, mimi kazi yangu imeisha, ninaamuka kuweka maji ya chai. Na wewe, bila kugeuza kichwa: "Keti. Treni haiyapita." Ulitaka kuona mukia. Nilikuona mushamba kabisa. Nani anaangalia mukia? Lakini ndiyo kazi yetu ilikuwa hivyo: mimi masinisti mbele, ninaendesha mashini, wewe shefu wa treni mu wagon ya mwisho na taa yako nyekundu. Na shefu wa gare, mwenye stesheni, hafunguaka njia mpaka aone mukia kwa macho yake. Bila mukia treni haiyafika, hata upige filimbi namna gani.

Kisha mu kaseti za nyuma ile wagon ya mwisho yenye muntu ikapotea. Dieudonné akasema wameiondoa, sasa ni ka taa kadogo tu kanawaka na kuzima. Ukarudisha kaseti nyuma, ukatafuta, mpaka chai ikapoa. Hata kule hopitali ya Woluwe, nilipokuja na metro kila wiki siku ya Jeudi, ulikuwa unarudilia: "Wamemuondoa muntu. Sasa nani anajua kama treni ni nzima?"

Donc, neno lenye linanileta ni hili.

Mwezi uliopita, siku ya kumaliza matanga, sale ya mikutano ilijaa watu, nikasimama nikaelezea hadisi yangu. Unaijua, niliielezea ku kila arusi na kila batizo. Mulima kule kwetu, kati ya Niemba na Nyunzu, kroshe, kile chuma kinafunga wagon, inakatika, wagon za nyuma zinaanza kurudi chini na wewe ndani. Mimi ninasikia mu mikono mashini imekuwa nyepesi, ninasimamisha, ninakimbia, ninakuokoa. Watu walilia. Odile, binti yako wa kwanza, alipiga magoti mbele ya wote, akashika mikono yangu. "Papa Anselme, bila wewe mimi singezaliwa." Na mimi nikamuacha aseme. Kisha nikala nyama.

Dimanche iliyofuata nikatia ile kaseti ya kwanza. Unajua pale Kanada mulima ni mukali, wakatoboa njia izunguke mule ndani kama nyoka amelala. Treni ikiwa murefu, kichwa kinatoka chini na mukia iko bado juu inaingia. Nilibaki nimekaa, mara ya kwanza bila kuambiwa. Mashini zikatoka chini. Na kule juu, ku wagon ya mwisho, muntu amesimama inje, ameshika chuma. Akaangalia chini ku mashini, akainua mukono.

Miaka yote ile alikuwa pale, na mimi niko mu cuisine ninatafuta sukari.

Ningekuwa na mulima wa kuzunguka kama ule, Gaspari, ningeona ya kuwa wewe hauko nyuma.

Acha niandike vile ilikuwa, hata kama masomo yangu yaliishia ya tatu primaire. Sikusikia kitu mu mikono. Nilikuwa ninaimba. Nilifika gare na wagon tisa tu, ninapiga filimbi kama bwana arusi, na shefu wa gare akaangalia nyuma yangu, akauliza mukia iko wapi. Wakati ule wagon zetu za mizigo zilikuwa na breki ya mukono tu, kila moja na gurudumu yake. Ukaruka peke yako toka moja mpaka nyingine, unakaza, unakaza, mpaka zikasimama. Nilipokurudilia ulikuwa umekaa ku reli, mikono inatoka damu.

"Masinisti, umesahau kitu."

Basi. Hakuna tusi. Na mu ripoti ukasema mimi ndiye nilisikia, mimi ndiye nilisimamisha, ili nisifukuzwe. Shefu wa gare alikuwa shemeji yako, akanyamaza, naye amekufa. Ule uongo ulinipa kama koti ya mvua. Mimi nikaivaa mpaka ku arusi.

Nilibaki peke yangu mwenye kujua. Wiki mbili nilibishana na kiti chako, niseme ao nisiseme. Unanijua, sishindwaka.

Dimanche iliyopita nilipanda kwenu. Odile alikuwa anachambua majani ya sombe na mama yake. Niliwaambia yote nimesimama. Odile aliacha sombe. Alinipa chai, hakuniangalia machoni, ni haki yake. Maman Josefine, bila kuinua kichwa: "Mimi nilijua. Ile mikono ya damu nani aliifunga bandeji?"

Miaka makumi tatu na nane alinisikia ku meza yake, ananiongezea mchuzi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema wewe ulimwambia: mwache, masinisti hawaangaliaka nyuma.

Lala, shefu. Sitaamuka tena mukia ikiwa haiyapita. Wagon zote nitaziangalia, hata za makaa, hata zile za ka taa. Ninakuahidi hivyo, na sinaga kawaida ya kuahidi. Sasa wewe ndiye uko mbele, mimi niko nyuma. Usisahau kitu.

Na mwenye kubisha kama ilikuwa hivi, aende Berchem, étage ya nne, kwa miguu, aulize Maman Josefine. Ndiye alifunga mikono.

Anselme, masinisti