Ukoo Uliojaza Kaunti Nzima

Mama Neema wangu,

Wanakwaya tuko njiani kwenda mji wa Columbus, hapa Marekani, na joto la huku mashambani halina huruma. Tumesimama kula kuku na viazi kwa bibi mmoja wa Kizungu mwenye mgahawa. Kila ua wa nyumba hapa una kibao chenye jina lilelile, nikamwambia, "Ukoo huu umezaa kweli!" Akacheka hadi akashika meza. Kumbe ni jina la mgombea wa uchaguzi, yule asiyetaka wakimbizi waje. Kibao cha bibi mwenyewe kiko mlangoni.

Akauliza nina watoto wangapi. Nikasema sita. "Walete huku," akasema. "Vijana wetu wamehamia mjini, na shule yetu inafungwa kwa kukosa watoto."

Wakumbatie wote sita.

Baba Neema