Daktari Ludmila Hakuwepo

Mwanangu Ludmila,

Umeniandikia kwenye simu kwamba Jumapili, mtoto wako akishabatizwa, utawasimulia wakwe zako habari za yule daktari Mzungu aliyekupokea ulipozaliwa, ambaye nilikupa jina lake. Unataka nikukumbushe alitoka nchi gani. Mama, kaa kwanza.

Hakukuwa na daktari. Ulizaliwa hapa hapa Tlawi, ukapokelewa na bibi yako, mama yangu. Jina nililitoa kwenye koti. Miaka ile mitumba ilikuwa imeanza kumwagika mnadani, nami nikapata koti zito la kike, nikalivaa hivyo hivyo. Baridi yetu unaijua. Ndani ya kola mtu alikuwa ameshona kwa uzi mwekundu: Ludmila.

Kwetu jina hufuata jinsi mtoto alivyokuja. Wewe ulikuja na mvua, bibi akakuita Tluway, mvua yenyewe. Lakini mimi baba yako nilikuwa mtu wa kisasa! Siku ya ubatizo padre akauliza, "Ludmila ni nani?" Nikaona haya kutaja koti, nikamtunga daktari papo hapo. Bibi yako alikuwa amesimama ubavuni pangu. Alinitazama, akanyamaza, asije akaniaibisha.

Baadaye mwalimu mmoja aliyesoma Chekoslovakia alinieleza kuwa ni jina la Waslavi: nusu yake watu, nusu yake kupendwa. Mpendwa wa watu. Nikajivuna kana kwamba nilijua.

Koti nakuruhusu ulicheke. Linaloniuma ni lingine. Ulikuwa na miaka sita, bibi akakuita mbele ya wageni, "Tluway, njoo ule."

Ukamjibu, "Mimi siyo Tluway. Mimi ni wa daktari."

Wageni wakacheka, nami nikacheka kuliko wote. Bibi akasema tu, "Haya, mgeni, karibu ule." Tangu siku hiyo hakukuita tena kwa jina lolote. Alisema "mjukuu", basi, mpaka tukamzika. Neno moja tu kutoka kwangu lingetosha, nami nilikuwa nalo mdomoni miaka yote ile.

Kwa hiyo Jumapili mtaje bibi yako, kwa jina lake, kwamba ndiye aliyekupokea. Wakwe wakiuliza nani alikudanganya, usifiche kuwa ni mimi. Nitakuwa benchi la mbele, nitasimama mwenyewe.

Ni mimi baba yako, ambaye safari hii sitapendekeza jina.