Kabla Hujatundika Kibao Mlangoni

Kirua Vunjo,
Moshi.
30 Novemba 2024

Mpendwa dada Elisifa,

Shikamoo dada. Bwana Yesu asifiwe. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi cha harufu ya rangi kimekuachia. Sisi huku hatujambo. Goti la mama linamsumbua mvua ikinyesha, lakini bado anakata majani ya ng'ombe mwenyewe na hataki msaidizi. Baba alikuwa mlimani na wageni, ameshuka juzi salama, amebabuka pua tu. Ng'ombe amezaa ndama jike. Mvua za vuli zimekuja vizuri, na migomba ya nyuma ya jiko imeinama kwa mikungu.

Mwanao Jesse hajambo. Ninamtaja mapema kwa sababu najua umeruka mistari yote ya juu ukimtafuta yeye.

Nimeamua kukuandikia kwa kuwa kwenye simu zamu yangu haifiki. Ukipiga, mama anaongea kwanza, kisha Jesse anapewa, na Jesse akishapewa simu haimtoki tena mkononi. Anakuonyesha viatu, anakuonyesha ndama, anabusu kioo mpaka picha inapotea. Nikija kuipata mimi unasema, "Haya Yuditha, soma kwa bidii, bando linaisha." Barua haina bando. Hapa utanisikiliza mpaka mwisho.

Uliposema kwamba wewe na mwenzako Hajira mnakaribia kufungua saluni yenu huko Mwanza, na kwamba Hajira anataka mtundike kibao cha kuwakataza watoto wadogo wasiingie, uliomba kila mtu hapa nyumbani atoe maoni. Mama alisema mwenye duka ndiye anayejua duka lake. Baba alisema moto na mtoto havikai chumba kimoja. Mimi sikufikiwa.

Lakini najua, kama unavyojua wewe, kinachoning'inia kwenye kibao hicho. Ulimwacha Jesse hapa akiwa hajaacha kutambaa kwa sababu saluni uliyoajiriwa ilikataza watoto. Sasa umepata ya kwako, na umesema utakuja Krismasi umchukue. Kibao kikitundikwa, hatakuwa na pa kushinda mchana kutwa. Mama ameshalisema hilo jikoni: "Kama mlango wao una kufuli, mjukuu wangu abaki hapa hapa."

Mwalimu Elisaria, anayetufundisha Kiswahili, hakubali mtu atoe hoja kwenye mdahalo kabla hajasema yeye mwenyewe anapata nini. "Tuambie faida yako," husema, "ndipo tujue tukusikilize kwa sikio lipi." Nami nitasema yangu. Ila kwanza nikusimulie kipaimara changu, maana huko ndiko nilikokutana na kibao kama hicho ana kwa ana.

Unakumbuka Victoria wa baba mdogo Godbless alipata kipaimara mwaka jana. Baba yake alimpeleka kula kwenye mkahawa ule wa mjini wenye bustani na viti vyeupe. Alipiga picha ameshika glasi ya juisi yenye kipande cha chungwa ukingoni. Picha hiyo nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Baba mdogo aliniahidi kwamba zamu yangu ikifika atanipeleka pale pale. Nilingoja mwaka mzima. Nililiombea jambo hilo, ingawa mchungaji alitufundisha kuomba mambo makubwa zaidi.

Jumapili iliyopita zamu yangu ikafika. Nilivaa gauni jeupe, lile lile la Victoria, limepunguzwa kiunoni. Maswali ya katekisimu niliyajibu bila kukwama. Tulipotoka nje mpiga picha akasema, "Huyo mdogo mwenye tai aje mbele." Basi picha yangu bora ya siku ile ina uso wangu juu, shada la maua pembeni, na katikati yote Jesse.

Mama alikuwa amepika kiburu. Alitoka nacho nyumbani ndani ya ndoo yenye mfuniko, kimefungwa kanga kisipoe. Baba mdogo alicheka tangu kanisani hadi tulipofika kwenye lami. "Shemeji, tunakwenda kulishwa, hatuendi kulisha." Mama akamjibu kwamba yeye hajawahi kwenda kwenye shughuli ya mwanawe mikono mitupu, na ndizi na maharage havijawahi kumfukuza mtu.

Getini tukakuta kibao kipya: watoto chini ya miaka mitano hawaruhusiwi. Baba mdogo hakuwa na habari nacho, mwaka jana hakikuwepo. Alishuka kwenye gari akamwendea mlinzi, mzee mmoja anaitwa Khamisi.

"Huyu si mtoto, huyu ni mgeni rasmi," baba mdogo akasema. "Itazame hiyo tai."

"Tai nimeiona, bosi. Wajukuu zangu mapacha nao wanazo, na hawajawahi kuuona upande wa ndani."

Baba mdogo akapunguza sauti. "Basi sema ana miaka sita."

"Shemeji," mama akasema, "tumetoka madhabahuni sasa hivi. Usitufundishe uongo getini."

Jesse akainua vidole vitatu. "Mimi hivi." Akafikiri, akaongeza cha nne. "Kesho hivi."

Mzee Khamisi alicheka, lakini geti halikufunguka. Akatueleza kwamba siku si nyingi zilizopita mtoto mmoja alivuta kitambaa cha meza, bakuli la supu ya moto likammwagikia. Wiki hiyo hiyo mwenye mkahawa akaleta kibao. "Mimi kibao sikipendi," akasema, "lakini yule mtoto nilimsikia akilia." Kisha akaitazama ndoo ya mama kwa huruma, akasema chakula cha kutoka nje nacho hakiingii.

Mama hakubishana. Akamshika Jesse mkono, akaniambia, "Ingia mwanangu, siku ni yako. Mimi na huyu tutakaa hapa kwenye benchi na ndoo yetu." Baba mdogo alitaka kukataa, twende kwingine, lakini mama akamkazia macho, naye hamuwezi akikaza macho.

Dada, niliingia haraka. Sikugeuka nyuma.

Na nikuambie ukweli, ndani palikuwa pazuri. Kulikuwa na kimya ambacho nyumbani kwetu hakipo tangu Jesse aanze kusema. Hakuna aliyenivuta mkono, hakuna aliyetia kidole kwenye sahani yangu. Kwenye meza ya jirani alikaa mama mmoja peke yake, amevua viatu chini ya meza, amefumba macho, chai inapoa mbele yake. Mhudumu alituambia mama yule ana watoto wanne, na saa ile ya Jumapili ndiyo pekee anayopumzika katika wiki. Kwa hiyo siwezi kukuandikia kwamba wanaoweka vibao hivyo ni watu wabaya. Yule mama angenishangaa.

Victoria aliagiza bila kusoma orodha. Aliniambia juisi ya chungwa ndiyo yenye kipande ukingoni, nisije nikaagiza ya embe nikakosa. Nikaipata. Nikapigwa picha. Niliishika glasi kama alivyoishika yeye.

Halafu nikatazama nje. Ukuta wa mkahawa ule umejengwa nusu, juu yake ni nondo, na benchi la mlinzi linaonekana vizuri kutoka mezani. Mama alikuwa amefungua ndoo. Mzee Khamisi amepakuliwa kwenye mfuniko, anakula. Jesse amevaa kofia ya mzee, imemfika puani, anapiga saluti kila gari linalopita. Na mama alikuwa anacheka, kile kicheko chake cha kuziba mdomo kwa ncha ya kanga, mabega yakimtikisika. Ni lini mama alicheka hivyo na mimi, sikumbuki.

Kiti chake kando yangu kilikuwa kitupu. Kuku na chipsi vilikuwa mbele yangu, juisi ilikuwa mbele yangu, na siku yangu ilikuwa imehamia nje ya geti. Mwaka mzima nilimwonea wivu aliyeingia. Nilipoingia, nikamwonea wivu aliyekatazwa.

Nikaomba ruhusa kwa baba mdogo nikatoka. Nilipofika benchini ndoo ilikuwa tupu. Mama akaniuliza kwa utani, "Ya ndani haikushibisha?" Nilikuwa karibu kulia na gauni langu jeupe. Jesse akavua kofia akaninyooshea. "Mamdo, yako." Mama mdogo bado ni refu kwa ulimi wake. Alikuwa amenibakizia tonge la kiburu, na kwa kuwa hakuwa na sahani, alikuwa amelificha ndani ya kofia ya serikali ya mzee Khamisi.

"Si ya serikali, ni ya kampuni," mzee akasema akiitazama, "na sasa ni ya maharage."

Nililila tonge lile, lina unywele mmoja mweupe. Yule mtoto, dada, amenichukulia upande wangu wa kitanda kwa mama. Utando wa maziwa, uliokuwa wangu, sasa anapewa yeye. Shangazi zetu wakija wananiuliza yuko wapi yeye. Siku ya kipaimara changu alipigwa picha kuliko mimi. Na bado, kati ya watu wote waliokula siku ile, ni yeye peke yake aliyekumbuka kunibakizia.

Sasa niseme faida yangu, kama Mwalimu Elisaria anavyotaka. Ungedhani mtu mwenye wivu na Jesse angefurahi aondoke. Hata mimi nilidhani hivyo mpaka Jumapili. Lakini wivu wangu umegeuka, unakutazama wewe. Wewe ndiye utakayemsikia asubuhi akimwuliza ndama kama amelala vizuri, sijui huko atamwuliza nani. Wewe ndiye utakayemkata kucha akipiga kelele kama anachinjwa. Utampata mzima, bila bando, na mimi nitarudishiwa nusu ya kitanda. Kibao kikitundikwa, Jesse anabaki hapa. Hiyo ndiyo faida yangu, na ni kubwa.

Nisikilize kwa sikio hilo basi, maana ninachosema kinaniumiza mwenyewe: usikitundike.

Najua pasi za nywele ni za moto na dawa za kulainisha nywele zinachoma. Baba hakukosea, na mkahawa ule haukukosea kuogopa supu. Lakini hata jikoni kwetu pana moto, na Jesse hajaungua. Alipoanza kutembea baba alipigilia mlango nusu kwa mbao zilizobaki kwenye zizi la ndama. Jesse anasimama nyuma yake, anaona kila kitu, hafikii chochote, anatupigia hadithi mpaka chungu kinachemka. Nanyi wekeni mlango kama huo kati ya benchi la kungojea na mahali pa moto. Kibao kiseme kwamba huku kuna moto na dawa kali, watoto wakae upande wa benchi. Kitaje hatari yenyewe, kisimtaje mtoto kana kwamba yeye ndiye hatari. Na kwa ajili ya wale kama yule mama aliyevua viatu, tengeni siku moja katika wiki ya wanaotaka kimya. Siku hiyo Jesse atunzwe na jirani. Hajira naye atakuwa amesikilizwa.

Wateja wenu wengi watakuwa akina mama, dada. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni akikuta mlango umemkataa mtoto, umemkataa yeye pia, hata kama jina lake halikuandikwa. Mama yetu alibaki nje, na kibao hakikumtaja.

Nimeshamwuliza baba. Amesema ukinitumia upana wa hiyo nafasi ataupigilia mlango kabla ya Krismasi, utaondoka nao kwenye buti la basi pamoja na Jesse. Nitumie kipimo mapema, asije akakisia.

Nina ombi jingine dogo, ukiliona ni zito liache. Likizo ya Juni mtahitaji mtu wa kukaa upande wa benchi na watoto wa wateja. Mimi nina uzoefu. Sitaki kulipwa. Nauli ya basi baba mdogo amesema ataifikiria, na yeye akisema atafikiria huwa ameshakubali.

Kifurushi nilichompa kondakta pamoja na barua hii kina maparachichi na kahawa ya mama. Msalimie sana Hajira, mwambie sijamshinda kwa hila, nimemshinda kwa hoja, kama atakubali. Baba, mama na baba mdogo wanakusalimu. Victoria naye anakusalimu na anauliza kama utamsuka bure ukija. Nakuomba unisuke mimi kwanza.

Mungu asiyeuacha mlima huu usiku na mchana akae mlangoni pako, awabariki watakaoingia na watakaoletwa mgongoni.

Neno la mwisho. Unajua Jesse anakuita nani? Tukimwuliza mama yake ni nani, anajibu, "Mama wa Simu." Tunacheka, lakini mama huwa anageuka pembeni. Akija kwako jina hilo litakufa, nami ninafurahi. Ila msaidie akumbuke kuwa nipo, dada. Mwonyeshe picha ile ya kanisani aliyonifunika. Sipendi siku moja nipige, nimsikie akimwambia jirani kwamba anayeita ni Mamdo wa Simu.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, hata nikikuonea wivu,

Yuditha