Gitaa la Upande wa Kushoto

Same, Jumanne

Mdogo wangu Zebedayo,

Marahaba, maana najua shikamoo yako iko njiani. Mama hajambo, na tangawizi ya huko juu imekubali mwaka huu. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu utanidanganya tena.

Jana nilikwenda Hedaru kwa fundi Paschal kuchukua lile gitaa lako la kujifunzia, la kupigwa likiwa limelazwa kama meza. Akanionyesha pedali za kukanyaga, na vyuma vya kusukuma kwa goti. Vyuma vyenyewe viko kushoto tu! Kwenye picha uliyonitumia viko pande zote mbili. Nikamwakia: "Fundi, umetupunja! Ndugu yangu aliagiza gitaa zima!"

Hakubishana. Alisema kila gitaa analitengeneza kwa vipimo vya miguu ya mpigaji, akanipa karatasi uliyomtumia. Mwandiko ni wako kabisa. "Goti la kushoto: sentimita hamsini na tano. Goti la kulia: halipo."

Niliisoma mara tatu, mpaka fundi akaniletea maji. Halipo tangu lini, Zebedayo? Ni ile mashine ya mkonge unayofanyia kazi huko? Nani alikuuguza?

Mama sijamwambia. Gitaa nimelileta nyumbani na silitumi huko. Njoo ulichukue, nitakupokea stendi mwenyewe.

Pasaka nilikupigia nikakufokea: "Miguu unayo, kwa nini huji?" Nawe ukacheka.

Nisamehe.

Dada yako,
Evaline